Phil Ochs: Mwimbaji wa Marekani aliyeumizwa sauti Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

JINA la Phil Ochs huenda likawa geni masikioni mwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, ingawa mwimbaji huyo wa Marekani alirekodi santuri jijini Nairobi, na jijini Dar es Salaam akakabwa koo na majambazi walioiharibu sauti yake. Yote hayo yalitokea mwaka 1973, miaka mitatu kabla hajajiua akiwa na umri wa miaka 35.

Maisha yake yanasimuliwa katika filamu ya hali halisi iitwayo Phil Ochs: There but for Fortune, iliyoongozwa na Kenneth Bowser na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema mjini New York Januari 2011. Miongoni mwa wanaomzungumzia ni wanamuziki Joan Baez na Pete Seeger, mwigizaji Sean Penn, mwanaharakati Tom Hayden, pamoja na Michael Ochs, mdogo wake aliyewahi kuwa meneja wake.

Filamu hiyo inajaribu kujibu swali moja: kwa nini msanii aliyeheshimiwa kiasi hicho na wenzake hakupata umaarufu uliolingana na kipaji chake?

Sehemu ya jibu imo katika aina ya nyimbo alizotunga. Ochs, aliyezaliwa El Paso, Texas, Desemba 1940, alisomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Mwaka 1962 aliacha masomo kabla ya kuhitimu, akaenda New York, ambako vijana wenye magitaa walikuwa wakiimba katika migahawa ya Greenwich Village.

Huko alijitambulisha kama mwandishi wa habari anayeimba. Albamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 aliiita All the News That's Fit to Sing, akiichezea kaulimbiu ya gazeti la The New York Times. Alitunga kuhusu vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi huko Mississippi na wachimbaji wa makaa ya mawe waliogoma.

Nyimbo za namna hiyo ziliwapendeza waandamanaji, lakini vituo vya redio na televisheni viliziogopa. Hata wimbo uliotoa jina la filamu, unaokumbusha kwamba mfungwa au mlevi wa barabarani angeweza kuwa mimi au wewe, ulivuma kwa sauti ya mtu mwingine: Joan Baez ndiye aliyeuingiza katika nyimbo 10 bora za Uingereza mwaka 1965.

Serikali, kwa upande wake, ilimfuatilia kwa karibu. Jalada lake katika Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilizidi kurasa 400.

Sehemu ya pili ya jibu ni matukio yaliyomvunja moyo. Mwaka 1968 alishuhudia polisi wa Chicago wakiwapiga waandamanaji wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Mwaka uliofuata alitoa albamu ambayo jalada lake lilionyesha kaburi lake mwenyewe, likieleza kwamba alifia Chicago mwaka 1968.

Ndipo ikaja safari ya Afrika. Jijini Nairobi alirekodi nyimbo mbili na bendi ya Pan African Ngembo Rumba: Bwatue, kwa Kilingala, na Niko Mchumba Ngombe, kwa Kiswahili ambacho jina lake tu latosha kumchekesha msomaji wa pwani. Hata hivyo, alifanya hivyo miaka 13 kabla ya Paul Simon kusifiwa duniani kwa kushirikiana na wanamuziki wa Afrika Kusini.

Shambulio la Dar es Salaam lilimwondolea noti tatu za juu za sauti yake. Ochs alishuku kuwa maofisa wa ujasusi wa nchi yake, CIA, walihusika, lakini jambo hilo halikuwahi kuthibitishwa.

Septemba mwaka huohuo, rafiki yake Víctor Jara, mwimbaji wa Chile, aliuawa baada ya mapinduzi ya kijeshi. Mei 1974 Ochs aliandaa tamasha la kuichangia Chile katika ukumbi wa Felt Forum, New York, akamshawishi hata Bob Dylan apande jukwaani.

Sehemu ya tatu, na nzito zaidi, ni maradhi. Baba yake, daktari aliyerejea kutoka Vita Kuu ya Pili akiwa ameathirika akili, aliugua ugonjwa unaomrusha mtu kutoka furaha iliyopitiliza hadi huzuni kuu. Mwana naye aliurithi. Mwaka 1975 alikunywa pombe kupita kiasi, akajiita John Butler Train na kudai kwamba amemuua Phil Ochs.

Wengi waliomzunguka walishindwa kutofautisha ugonjwa na vituko vya msanii mlevi. Aprili 9, 1976, alijitoa uhai nyumbani kwa dada yake, Far Rockaway.

Mwezi uliofuata wasanii wenzake walikusanyika Felt Forum, ukumbi uleule wa tamasha la Chile, kumwimbia. Safari hii walioimbiwa hawakuwa wahanga wa nchi ya mbali, bali mwenzao aliyekuwa akiugua mbele ya macho yao.