'Maktaba' ya jeni ilivyosaidia kusaka kinga ya ndigana kali

NDIGANA kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ni miongoni mwa maradhi yanayoua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Chanjo iliyopo hutumia vimelea hai, ambavyo ng'ombe hudungwa sambamba na dawa ya kuvidhibiti. Chanjo hiyo hukinga vizuri, lakini lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika, jambo lililo gumu kwa wafugaji wa vijijini.

Kwa sababu hiyo, watafiti wamekuwa wakitafuta chanjo itakayotumia protini chache tu za kimelea hicho, Theileria parva. Tatizo ni kuzitambua. Ramani ya vinasaba vyake, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha kuwa kina jeni zipatazo 4,000.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi, pamoja na wenzao wa nje, walitumia maktaba ya kloni. Kwanza huchukuliwa ujumbe wa jeni zinazofanya kazi kimelea kikiwa ndani ya chembe nyeupe za damu ya ng'ombe. Ujumbe huo hunakiliwa kuwa DNA, na kila kipande huunganishwa na kiduara cha DNA kiitwacho plasmidi, kisha huingizwa katika bakteria. Kila bakteria huzaliana na kuwa kundi lenye nakala za kipande kimoja. Kundi hilo ndilo kloni, na jumla ya makundi yote ndiyo maktaba.

Kisha huanza upekuzi. Plasmidi huingizwa, fungu kwa fungu, katika seli ambazo huanza kutengeneza protini za kimelea. Seli hizo hukutanishwa na chembe za kinga za ng'ombe aliyekwisha kupata kinga. Chembe hizo zikiitambua protini, hutoa kemikali inayoweza kupimwa. Fungu lililotoa ishara hugawanywa tena na tena mpaka ibaki kloni moja, na jeni yake husomwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalitaja protini tano. Ng'ombe waliochanjwa kwa majaribio, ambao chembe zao za kinga ziliamka, walielekea zaidi kunusurika. Hata hivyo, si wote walioamsha kinga hiyo. Hivyo maktaba ilionyesha pa kuanzia. Kuigeuza jeni kuwa chanjo ni kazi nyingine, tena ndefu.