Saratani ya damu ya polepole inapogeuka kali

Ikiwa wewe au mzazi wako ameambiwa ana lukemia sugu ya limfosaiti, huenda daktari alisema hakuna haja ya kuanza dawa mara moja. Usidhani mmepuuzwa. Saratani hii ya chembechembe nyeupe za damu, ambayo huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 60, kwa kawaida huenda polepole. Wengi huishi nayo miaka mingi wakipimwa damu mara kwa mara.

Hata hivyo, kati ya wagonjwa 100, yapata wawili hadi 10 hufikia wakati ambapo maradhi hayo hugeuka kuwa limfoma, saratani ya tezi iliyo kali na inayoenea upesi. Mageuzi haya huitwa Richter, kwa jina la Maurice Richter, daktari wa New York aliyeyaeleza mwaka wa 1928.

Je, yanaweza kutabiriwa?

Siku yenyewe haijulikani. Kinachoweza kupimwa ni hatari. Uchunguzi wa jeni za chembe za saratani huonyesha ni nani anayepaswa kuangaliwa kwa makini zaidi: yule aliyepoteza kipande cha kromosomu nambari 17, au ambaye jeni ziitwazo TP53 na NOTCH1 zimeharibika. Kazi ya TP53 ni kuzuia chembe zenye kasoro zisizaane. Ikiharibika, nyumba imebaki bila mlinzi.

Mwaka wa 2022, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Barcelona, Uhispania, walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mbegu za limfoma hiyo zilikuwamo mwilini, zikiwa chache mno, hata miaka 19 kabla ya kujitokeza. Lakini kipimo hicho ni cha watafiti, si cha kliniki ya kawaida.

Dalili za kuangalia

Mgonjwa asisubiri siku yake ya kliniki akiona tezi moja ya shingo, kwapa au kinena inakua kwa kasi kuliko nyingine, akipata homa isiyo na sababu, akitokwa na jasho la usiku linalolowesha shuka, au akikonda bila kutaka. Katika damu, kipimo kiitwacho LDH huweza kupanda ghafla.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine. Dalili hizo hufanana sana na za kifua kikuu, na mtu anaweza kupoteza majuma mengi akitibiwa maradhi asiyokuwa nayo. Mweleze kila daktari anayekuhudumia kwamba una lukemia.

Picha ya PET husaidia kuonyesha ni tezi ipi inayofanya kazi kupita kiasi, lakini picha pekee haitoshi. Jibu hupatikana tezi hiyo inapokatwa na kuchunguzwa katika maabara. Usikiogope kisu hicho kidogo. Dawa za lukemia peke yake kwa kawaida haziwezi kuidhibiti limfoma hii, ambayo ni ngumu kutibu. Tena, kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya watano, limfoma hiyo huwa ni saratani mpya isiyotokana na ile ya kwanza, na hiyo huitikia matibabu vyema zaidi. Bila kupima, hakuna awezaye kuzitofautisha.