Simba ni Ileile, Friza Ndiyo Tofauti

Bia ya Simba inayofunguliwa kwenye buveti ya Kalukuluku, huku Ruashi, ndiyo hiyohiyo inayofunguliwa Kamalondo, Katuba na katika hoteli za katikati ya mji. Inapikwa na Brasimba hapahapa Lubumbashi, kampuni ambayo asili yake ni miaka ya 1920, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, na ambayo leo imo katika kundi la Castel la Ufaransa. Tembo, ile bia nyeusi, nayo ni ya kampuni hiyohiyo. Basi mtu akiuliza wapi Ruashi kuna bia nzuri, jibu haliko kwenye bia. Kiwanda kilimaliza kazi yake siku chupa ilipofungwa kifuniko. Kilichobaki ni friza, moto, maji na mikono ya mama mwenye mahali, na hivyo ndivyo unavyovichagua unapovuta kiti. Spika kubwa na viti vipya vya plastiki havina ubaya wowote, ila havijamwokoa mtu na kuhara.

Tuanze na friza, maana ndiyo inayoeleza mengine yote. Umeme wa Katanga ulijengwa kwa ajili ya migodi. Bwawa la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa kazi za kampuni ya migodi ya Union Minière, na laini ndefu ya kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika mwaka 1982 kwa sababu ileile ya shaba. Mitaa ya watu imekuja nyuma, na bado iko nyuma. SNEL, shirika la umeme, ikiukata saa nne asubuhi na kuurudisha jioni, friza ya buveti imeshapata joto, imeyeyuka na kuanza kuganda upya. Bia haina shida kubwa na safari hiyo. Bia ya asilimia 5 huganda nyuzi mbili au tatu hivi chini ya sifuri, na ikiganda kisha ikayeyuka, gesi hupungua na vipande vidogo vyeupe huelea ndani. Haidhuru mwili, inadhuru ladha tu.

Shida ni jirani zake. Friza nyingi za mtaani ni moja tu kwa kila kitu: juu samaki na nyama ya mbuzi katika mifuko, chini chupa zimelazwa. Umeme ukikatika, maji ya nyama hutoka mfukoni na kuzizunguka chupa, nayo yakishika shingo ya chupa ndiyo yatakayofika mdomoni mwako. Kwa hiyo unapouliza, “Mama, uko na ya baridi?”, simama uende mwenyewe uone friza ikifunguliwa. Hakuna atakayeshangaa, mtu yeyote wa Lubumbashi hupenda kuishika chupa mwenyewe kabla haijafunguliwa. Ukikuta friza mbili, moja ya vinywaji na moja ya nyama, umepata mahali panaposimamiwa na mtu mwenye akili. Ukikuta moja, futa shingo ya chupa vizuri, na nyama uifikirie mara mbili.

Tazama pia lebo. Lebo iliyolegea na kuteleza vidoleni inasema chupa ililala ndani ya maji, yaani ilipozwa kwenye pipa la barafu. Barafu hiyo imetoka maji gani? Hapo ndipo pa kuuliza. Na kreti zikiwa zimepangwa nje juani, ondoka: mwanga wa jua huvunja viungo vya uchungu vinavyotokana na hopsi na kuipa bia harufu mbaya. Chupa ya kahawia huzuia mwanga mwingi kuliko ya kijani, lakini jua la Oktoba la Lubumbashi halina huruma na rangi yoyote.

Sasa moto. Ruashi inakula michopo, nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makaa, na pilipili, kitunguu, na bukari, yaani ugali, ukitaka kushiba. Kwa mtu wa fani yangu, yaani usalama wa chakula, michopo ni chakula kizuri kuliko sura yake. Vijidudu vya nyama hukaa zaidi juu, mahali kisu kilipopita na nzi alipotua. Katikati ya mnofu mzima huwa pasafi. Moto wa makaa unaunguza palepale penye uchafu. Ndiyo maana kipande kizima kilichochomwa mbele yako kinashinda soseji au nyama ya kusaga, ambayo mashine imeshauchukua uchafu wa juu na kuuingiza ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri nyama ifike nyuzi 70 mpaka katikati, chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya 5. Kati ya 5 na 60 bakteria hujisikia nyumbani.

Hatari kubwa haiko katika kuchoma bali katika kuchoma kabla. Mchomaji mwenye haraka huchoma mchana, anarundika vipande pembeni mwa mbabula, lile jiko la makaa, na wateja wakifika jioni anavipasha dakika tatu. Vile vipande vilishinda saa sita katika joto linalowafaa bakteria. Mmoja wao, stafilokoka, anayekaa puani na kwenye vidonda vya vidole vya mtu, huacha sumu isiyoondoka kwa kupasha moto. Nyama inanukia vizuri, inachoma ulimi, na usiku wa manane tumbo linakuamsha. Dawa yake ni rahisi: agiza nyama mbichi, ioneshwe, ikatwe, iwekwe motoni ukiwa umekaa. Utasubiri nusu saa au zaidi. Mahali ambapo michopo inafika mezani kwa dakika tano ni mahali pa kutilia shaka.

Angalia na mikono miwili ya mchomaji. Kisu kilichokata nyama mbichi kikirudi kukata ile iliyoiva kwenye ubao uleule, kazi yote ya moto imefutwa. Mchomaji mzuri ana mbao mbili, au walau anageuza ubao na kukipitisha kisu motoni. Na ukiletewa nyama juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, omba sahani. Mayonezi ya kiwandani isikutishe, ina siki ya kutosha kujilinda kwa saa kadhaa. Ile ya kukorogwa nyumbani kwa mayai mabichi ndiyo ya kuachia wengine.

Siku nayo ina neno lake. Ruashi ni mji wa mgodi: mgodi wa Ruashi, ambao tangu 2012 uko chini ya Jinchuan ya China, uko jirani kabisa na nyumba za watu. Wiki ya mshahara, mbuzi hakai. Anachinjwa asubuhi, usiku amekwisha. Katikati ya mwezi buveti zikiwa tupu, nyama ileile inaweza kuonana na kukatika kwa umeme mara tatu. Siku TP Mazembe inacheza pia ni siku nzuri ya kula, kwa sababu televisheni inahitaji jenereta, na jenereta ikiwaka, mara nyingi friza nayo inapata. Anayetaka kukaa kimya atachukia siku hizo. Tumbo lake litazipenda.

Samaki ana sheria yake. Thomson, yule wa baharini anayefika Katanga akiwa ameganda baada ya safari ndefu ya malori, ni kitoweo cha bei nafuu na kitamu akichomwa vizuri. Lakini samaki wa jamii hii akiyeyuka na kukaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yake, na histamini haiondoki kwa kuchoma wala kwa kugandisha tena. Dalili huja upesi, hata ndani ya saa moja: uso mwekundu, kichwa kugonga, mdomo kuwasha kana kwamba pilipili imezidi. Watu wengi huilaumu pilipili. Kama hujui friza ilivyolala jana, kula mbuzi.

Mboga niliziweka mbali kwa makusudi, maana hapa hata buveti safi haina uwezo wa kukusaidia sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima kwa miaka mingi kobalti, shaba, risasi na kadimi katika udongo, mboga na vumbi la maeneo ya migodi na viwanda vya mji huu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo. Kuosha lengalenga kwa maji mengi kunaondoa vumbi lililokaa juu ya jani. Madini ambayo mzizi umeyanyonya hayaondoki kwa kuosha. Sahani moja ya lengalenga Jumamosi haitakuua, na sisemi uache mboga. Ila uliza ilikotoka, na ukae ndani ya uzio badala ya pembeni mwa barabara ambako malori yanapita.

Maji ya kuoshea glasi ni jambo la dakika moja: karai moja la maji ya kijivu ambamo glasi zote huingia na kutoka ni sababu tosha ya kunywa kwa chupa. Katika majira ya mvua, kipindupindu kikiwa kinatembea, kachumbari mbichi nayo ingoje Mei.

Kuna wasiokunywa bia, na kwao Ruashi ina munkoyo. Uji wa mahindi huchemshwa, huachwa upoe uwe vuguvugu, kisha hutiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini, nayo ina vimeng’enya vinavyoufanya uji mzito uwe maji matamu. Usiku kucha bakteria wa asidi huuchachusha kidogo, na uchachu huo ndio mlinzi wake. Lakini mizizi huingia baada ya kuchemsha, kwa hiyo ikiwa michafu, au uji ukiongezewa maji yasiyochemshwa, hakuna moto wa kurekebisha. Munkoyo wa jana uliochachuka vizuri una usalama zaidi kuliko ule mtamu uliochanganywa asubuhi hii. Ukiachwa siku mbili tatu, ujue una kilevi, hata kama anayeuuza anauita kinywaji cha watoto.

Lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo Wabelgiji waliipiga marufuku na haikusikia, ina sifa ya kupofusha watu. Kisayansi, nafaka na muhogo hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya halaiki vinavyosikika duniani mara nyingi hutokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa na mwenye tamaa. Hatari ya kila siku ni nyingine: nguvu isiyojulikana, inayobadilika kutoka pipa hadi pipa, na risasi inayoweza kutoka kwenye bomba au rejeta ya gari iliyotumika kupozea mvuke. Buveti inayouza lutuku kwa siri nyuma haina ulazima wa kuwa mbaya kwa michopo, lakini mimi hukaa kwingine.

Mwisho, chupa yenyewe. Chupa kubwa ya Kongo hubeba karibu sentilita 72. Kwa asilimia 5, hizo ni gramu 28 hivi za alkoholi, zaidi ya mara mbili ya chupa ndogo ya sentilita 33. Ini la mtu mzima huchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja ni saa tatu au nne za kazi. Chupa tatu ulizonywa kuanzia saa moja jioni zinaweza kuwa bado hazijaisha damuni alfajiri unapopanda pikipiki kwenda kazini. Chakula tumboni huchelewesha alkoholi kuingia damuni, na hapa ile nusu saa ya kusubiri michopo ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa wanaijaza kwa chupa ya kwanza tumbo likiwa tupu. Mwambie mama achome kwanza, na Simba aifungue nyama na bukari vikiwa mezani.