Fahamu: Kutafuta Vijidudu vya Maradhi Ndani ya Kupe na Viroboto

Ni nini?
Ni uchunguzi ambao wataalamu, baada ya kuwatega panya na wanyama wengine wa mwituni, huwachana manyoya, wakakusanya kupe na viroboto, kisha wakawasaga ili kutafuta maabarani vinasaba vya vijidudu.

Kwa nini ufanywe Milima ya Usambara, Tanzania?
Kwa sababu tauni, ambayo bakteria wake aligunduliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894, na ambayo huenezwa na viroboto wa panya, ilizuka Lushoto, katika milima hiyo, mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara.

Matokeo yana maana gani?
Kwa wakulima wa chai wa Mponde, huko huko Usambara, ni tahadhari kabla ya msiba. Walakini kijidudu kuonekana ndani ya kupe si ushahidi kamili kwamba kupe huyo huambukiza, kwani yamkini alikifyonza tu pamoja na damu.