Divai ya moto yenye viungo: namna ya kuipika nyumbani bila kujiletea hatari

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo unaoshuka milimani usiku unafanya hata watu wa Kalundu na Kavimvira wafunge madirisha. Kule juu, kwenye Hauts-Plateaux, ambako sehemu nyingi zinapita mita 2.000, baridi iko karibu kila usiku wa mwaka. Ndugu zetu walio Ubelgiji na Ufaransa wanatusimulia kwamba huko, wakati wa Noeli, watu wanakunywa divai nyekundu ya moto yenye mdalasini na karafuu. Na kwetu, inawezekana? Ndiyo. Lakini kuna mambo ya kujua kwanza.

Namna ya kuipika

Kwa chupa moja ya divai nyekundu ya bei ya chini, tafuta kikombe kimoja cha maji, vijiko vitatu ao vinne vya sukari, karafuu tano, kijiti kimoja cha mdalasini (wengi tunaita kaneli), kipande cha tangawizi kilichopondwa na chungwa moja lililooshwa vizuri na kukatwa.

Weka maji, sukari na viungo kwenye sufuria, bila divai. Acha vichemke dakika kumi hivi, mpaka harufu itoke. Punguza moto, halafu mimina divai na machungwa. Usiiache ichemke: ikianza kutoa mvuke, epua. Kileo kinachemka kwenye digrii 78, mbele ya maji; ukichemsha sana kinapotea, na viungo vinatoa uchungu.

Ile hatua ya kuchemsha maji kwanza si ya ladha tu. Uvira tunajua kolera. Divai iliyopashwa moto kidogo haiui vijidudu vya maji machafu. Maji yachemke kwa nguvu dakika moja nzima; juu ya mita 2.000, dakika tatu, sababu kule maji yanachemka mbele ya kufikia digrii 100.

Kama divai ni ghali

Chupa ya divai inatoka mbali na bei yake si ya kila mtu. Viungo vile vile vinafanya kazi na juisi ya marakuja ao nanasi. Hiyo hata watoto na mama wajawazito wanaweza kunywa. Yenye divai, hapana. Kwa kasiksi, uliza kwanza maji yaliyotumiwa yalichemshwa ao hapana.

Kanyanga usiiweke kwenye sufuria hata kidogo. Mvuke wake unashika moto karibu na makala. Tena pombe kali ya kupikwa nyumbani inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Kuipasha moto hakuondoi hatari hiyo.

Je, pombe inaleta joto?

Watu wanasemaka: «Kunywa kidogo, baridi itaisha.» Ukweli ni kwamba pombe inafungua mishipa midogo ya ngozi. Damu ya moto inakuja juu, unasikia joto, lakini joto lile linatoka mwilini na kupotea. Mtu aliyelewa akilala inje kwenye baridi ya milima anaweza kufa bila kusikia kwamba anaganda. Kinachosaidia ni kinywaji cha moto chenyewe, chakula, nguo kavu na blanketi.

Pombe si dawa ya kolera vilevile. Inaongeza kupoteza maji. Mtu akianza kuhara maji maji mfululizo, mpeni maji ya chumvi na sukari ya ORS na mumpeleke kituo cha afya mara moja.

Na mbabula?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Baada ya kupika, usiingize mbabula ndani ya chumba kilichofungwa ili joto libaki. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Familia inalala, haiamki. Pika inje ao mlango ukiwa wazi, kinywaji ukiweke kwenye termosi, makala uyazime mbele ya kulala.

Kwa hiyo, kama usiku wa leo ni wa baridi, anza na tangawizi, kaneli na maji yaliyochemka vizuri. Divai ikipatikana, ni ya kuongeza tu.