Askari wa Shinyalu na Asili Yao

Shinyalu, katika nchi ya Isukha karibu na Kakamega, husifika kwa mapigano ya mafahali. Siku hizo watu hufurika uwanjani, nao askari huwa na kazi.

Kazi hiyo ina asili yake. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa wakuu wa vijiji mamlaka, na wasaidizi wao wakaitwa askari kanzu. Hao waliita watu barazani na kuhimiza kodi; wengine waliwaonea raia, wakachukiwa. Mwaka 1929 ilitungwa sheria ya Polisi wa Kabila, walioandikwa miongoni mwa wenyeji na kuwekwa chini ya D.C. Miaka miwili baadaye dhahabu ikaonekana Kakamega, wageni wakamiminika, na wenyeji wakahofia mashamba yao. Askari akawa kati ya Serikali na ndugu zake.

Mwaka 1958 jina likawa Polisi wa Utawala. Katiba ya mwaka 2010 ikawaweka pamoja na polisi wengine chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Basi askari si mtu wa chifu tena, bali wa sheria. Lakini asipoaminiwa na raia atajuaje mwizi alipo? Kidole kimoja hakivunji chawa.