Kampala hadi Nairobi kwa kupitia Ulaya: somo la mwaka wa kwanza

Waya nane nyembamba, koleo la kubania na kichwa cha plastiki. Kwa wanafunzi wengi wa kompyuta, wawe Kampala, Kigali au Arusha, somo la misingi ya mitandao huanzia mikononi. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Taa ya swichi ikiwaka, darasa hushangilia kama limefunga bao.

Furaha hiyo hupungua zinapofika hesabu za anwani. Kila kifaa mtandaoni kinahitaji anwani, na zile za mfumo wa zamani, ambao bado ndio unaofundishwa kwanza, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mwalimu anatoa fungu la anwani 256 na kutaka ligawanywe kwa idara nne. Kila idara inapata 64, lakini zinazoweza kupewa kompyuta ni 62: moja hutajia mtandao wenyewe na nyingine hutumika kuviita vifaa vyote kwa pamoja. Wanaokariri hukwama hapa. Kwa kweli ni kugawanya kwa mbili, tena na tena. Hesabu ya shule ya msingi iliyovalishwa koti la ugenini.

Zoezi linalowahusu zaidi majirani huja baadaye, nalo ni kufuatilia njia. Kuna amri fupi, inayopatikana karibu katika kila kompyuta, inayoorodhesha ruta ambazo data inapitia na muda inaotumia. Ruta ni kama mkata tiketi wa stendi: haibebi safari nzima kichwani, inajua tu basi gani la kukupandisha hadi kituo kinachofuata.

Mwanafunzi wa Kampala aelekeze amri hiyo kwenye kompyuta iliyoko Nairobi. Kwa barabara ni kama kilomita 650. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kungetosha milisekunde 7, au 20 tukihesabu mizunguko na vituo. Jibu likija baada ya milisekunde 200, kuna uwezekano mkubwa kwamba data imepelekwa Ulaya na kurudishwa ili ifike kwa jirani.

Sababu si ufundi mbovu. Ruta hazifuati ramani, hufuata mikataba. Kampuni mbili zisipokubaliana kubadilishana data hapa nyumbani, data yao itakutana pale ambapo wote wawili wananunua huduma, hata kama ni ng'ambo. Vituo vya kubadilishana data vya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali vilianzishwa kuondoa mzunguko huo ndani ya kila nchi. Kuvuka mpaka bado kunahitaji mtu wa upande huu azungumze na mtu wa upande ule.

Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari, na sehemu kubwa ya data yake hufika kupitia kebo zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu angani. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kampuni iliyokuwa na njia ya pili iliweza kuhamisha data yake. Iliyotegemea njia moja ilisubiri meli ya matengenezo.

Ndiyo maana kozi inayoishia kwenye mtandao wa ofisi ya ghorofa moja humnyima mwanafunzi nusu ya somo. Maabara nyingi hazina ruta za kutosha, na programu ya kuigiza mitandao kama Packet Tracer husaidia kuziba pengo, lakini njia za kweli za ukanda huu hazimo ndani yake. Kuzifuatilia hakuhitaji maabara. Inatosha kompyuta moja, bando la siku na daftari lenye safu mbili: kilomita hadi kila mji mkuu wa jirani, na milisekunde zilizotumika kufika huko na kurudi.